Mkono Uliogonga Muhuri

Kabla ya kufungua dirisha, karani wa posta ya kijijini alibadili tarehe. Alishika muhuri wa chuma wenye mpini wa mbao, akaulegeza, akachomoa tarakimu ya jana na kupachika ya leo. Tarakimu zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama na zimechongwa kinyumenyume, kwa hiyo karani mgeni alizitambua kwa macho na karani mzoefu kwa ncha ya kidole. Kisha akagonga mara moja kwenye daftari la alama za muhuri, akatia sahihi. Pigo hilo la kwanza halikuwa la barua yoyote. Lilikuwa ushahidi kwamba siku hiyo, katika ofisi hiyo, muhuri ulisema kweli. Ikitokea barua ya mahakama imechelewa, au hawala imelipwa kwa mtu asiye mwenyewe, mkaguzi alipitia daftari lile kabla hajamsikiliza mtu.

Naanza na muhuri kwa sababu anayetafuta historia ya majengo ya zamani ya posta huku Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, kwa kutazama kuta ataambulia kidogo. Posta ya kijijini kusini ilikuwa chumba: bati juu, nondo dirishani, kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu, na ukutani vijisanduku vya kuchambulia barua. Kwingine haikuwa hata chumba cha posta yenyewe. Ilikuwa wakala, na wakala ni kona ya duka, meza ya mwalimu mkuu au baraza ya misheni. Posta ikiondoka, duka linabaki duka na shule inabaki shule. Kilichokuwa posta hasa ni kazi iliyofanyika pale, na kazi hiyo ilikuwa ufundi kamili, japo hakuna aliyewahi kuiita hivyo. Tumezoea kumsifu Mmakonde na tezo yake juu ya mpingo. Karani na muhuri wake tumemsahau.

Chukua Lupaso, kijiji cha Masasi ambako Benjamin William Mkapa alizaliwa Novemba 1938, na ambako alizikwa Julai 2020. Kutoka pale kijana aliyeendelea na masomo alikwenda mbali: Mkapa mwenyewe alipita Ndanda, Kigonsera, Pugu, kisha Makerere. Kwa familia nyingi za wakati ule, mtoto akishavuka Rufiji, kilichobaki kati yake na nyumbani kilikuwa bahasha. Wazee walisema barua ni nusu ya kuonana, nao hawakuwa wakitia chumvi.

Njia ya bahasha hiyo ilikuwa ndefu tangu mwanzo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipofika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, habari zao zilikwenda pwani kwa miguu, na kutoka Masasi hadi Lindi ni yapata kilomita 140. Wabenediktini walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906, nao wakaitegemea pwani ileile. Wajerumani waliweka posta Lindi na Mikindani; kwenda bara, mzigo ulibebwa na matarishi. Tarishi hakupewa sifa ya kusoma, alipewa sifa ya kufika. Barua zikiwa kavu na mfuko haujafunguliwa, kazi yake imekamilika.

Karani wa pwani naye alikuwa na mtihani wake wa hesabu. Alianza na rupia ya pesa 64. Baadaye Wajerumani wakaigawa rupia katika heller 100. Vita ikaja, Waingereza wakagonga herufi G.E.A. juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda, na mwaka 1922 wakaleta stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga, zikiuzwa kwa senti na shilingi. Mtu mmoja aliyedumu kazini miaka ishirini angeweza kupima uzito uleule, kwa mizani ileile, na kutoza kwa fedha za aina tatu.

Lakini ufundi mkubwa wa karani ulikuwa kusoma anwani. Barua haikuja na namba ya nyumba, maana nyumba hazikuwa na namba. Ilikuja na sanduku la shule, la parokia, la chama cha ushirika, kisha "mkononi mwa" fulani, "ampe" fulani, mtoto wa fulani. Zipo anwani za kusini zilizohitaji vituo viwili, kama zile zilizoandikwa "Ndanda via Mtwara". Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa darasa la nne, au wa mwandishi wa barua aliyeketi sokoni Tanga na kuandika jina la Kimakonde kama alivyolisikia. Juu ya hayo weka akina Mohamedi watano na akina Yohana saba wa kata moja. Karani aliwatenganisha kwa ukoo, kwa kazi, kwa mji aliko ndugu anayeandika. Muhuri wa ofisi ya kutuma ulimsaidia: barua iliyogongwa Korogwe ilimwelekea mzee ambaye mwanawe yuko mashamba ya mkonge.

Halafu ikaja miaka ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mkoani Mtwara watu walikwishaanza kukusanywa mapema kuliko mikoa mingi, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kulikuwa na vita vya Wareno na FRELIMO, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya vijiji vya nchi ilikuwa imehama. Fikiria kazi ya kuchambua barua wakati majina ya vitongoji yaliyoandikwa kwenye bahasha ni mahame. Mwandishi aliyeko Dar es Salaam anaandika kijiji alichokiacha, na kijiji hicho sasa ni mikorosho mitupu. Hakuna mwongozo wa posta uliokuwa na jibu. Jibu lilikuwa kichwani mwa karani na kwa watu wanaosubiri dirishani, ambao waliulizwa mmoja mmoja hadi barua ipate mwenyewe. Na barua ziliongezeka wakati huohuo: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakajaa, na wazee waliokuwa wakitia dole gumba wakaanza kuandika wenyewe, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka.

Mani oda ilitaka ukali zaidi. Vijana wa uwanda wa Makonde waliokwenda kwenye mkonge walituma fedha nyumbani, na fedha hizo ndizo zilizolipa kodi, mahari na bati. Karani alilinganisha karatasi aliyoletewa na taarifa iliyokuja kwa njia nyingine, akatazama kitambulisho au akaita shahidi anayemfahamu mpokeaji, akahesabu noti mbele yake, akachukua sahihi au dole. Mama aliyepokea fedha za mwanawe hakutakiwa kutangazwa. Karani mzuri alitamka kiasi kwa sauti ya chini, akageuza noti upande wa ndani wa kaunta. Sioni kanuni inayoweza kumfundisha mtu hilo.

Simu za maandishi tuzipite haraka: zililipiwa kwa neno, na karani mwenye huruma alimsaidia mfiwa kupunguza maneno.

Jioni ilikuwa zamu ya mfuko. Barua za rejista zilipewa kibandiko chenye namba, zikaandikwa kwenye orodha, moja moja, kwa nakala. Zilizobaki zilifungwa mafungu kwa uzi, anwani zikitazama upande mmoja ili ofisi inayofuata isipoteze muda kuzigeuza. Mdomo wa mfuko wa turubai ukakazwa kwa kamba, kibao cha jina kikatiwa, fundo likazibwa kwa risasi au lakiri. Lakiri ina adabu yake. Ikiwa ya moto mno inatiririka na kuunguza kamba. Ikipoa haipokei chapa. Aliyeijua aliiacha idondoke, akahesabu kimoyomoyo, akakandamiza. Mfuko uliofika Mtwara na fundo lililovunjika uliandikiwa taarifa, na taarifa ilirudi kumuuliza yeye.

Kutoka hapo karani alimwachia dereva na mvua. Masika, barabara ya kusini ilikatika Rufiji, mifuko ikasubiri au ikapita njia nyingine. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyekuwa Rais. Kwa barua lilichelewa. Shirika la Posta na Simu lilikwishagawanywa mwaka 1994, simu za mkononi zilikuwa zimefika, na mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza Tanzania, mani oda ilikosa sababu. Sidhani kuna haja ya kuilaumu simu. Fedha inayofika kwa dakika moja ni bora kuliko inayofika kwa wiki tatu, na mama wa Lupaso hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya mapenzi yetu ya lakiri.

Ila kuna namna ya kutunza. Huko Lamu, Kenya, ipo nyumba ambamo Wajerumani walifungua posta Novemba 1888, wakaifunga Machi 1891, baada ya mkataba wa mwaka 1890 kuwapa Waingereza usultani jirani wa Witu. Ilidumu miaka isiyofika mitatu, ikaja kuwa makazi ya watu kwa muda mrefu, na mwaka 1996 ikafanywa makumbusho. Posta isiyofika miaka mitatu ina makumbusho yake. Zetu zilizofanya kazi miongo mingi zinageuzwa stoo za pembejeo, na madaftari yanatumika kuwashia moto.

Kwa hiyo kwa halmashauri za Masasi na Newala: kabla chumba hakijapewa mpangaji mwingine, tafuteni daftari la alama za muhuri, mizani na vile vijisanduku vya mbao, mvipeleke mahali penye kufuli. Waiteni makarani wastaafu waonyeshe vijana jinsi walivyofanya, wakiwa bado wanakumbuka. Na wewe msomaji, ukikuta barua za zamani kwenye sanduku la bibi, usibandue stempu. Iache bahasha nzima kama ilivyo, maana stempu ilichapishwa kwa maelfu, lakini muhuri juu yake ulipigwa mara moja, na mtu mmoja, siku ile.