Guntiino haikunjwi: namna ya kutunza nguo ya harusi Garissa

Gauni jeupe la kukodi hurudi dukani kesho yake. Zinazobaki nyumbani ni guntiino, na dirac, gauni pana jepesi, ya shaash saar, sherehe ambapo bibi harusi hufungwa kichwani kitambaa cha mke wa mtu. Hizo ndizo mama wa Garissa huziweka kwa ajili ya binti na wajukuu, na utunzaji wenyewe una ufundi wake.

Guntiino ndiyo rahisi. Ni kitambaa kimoja kirefu kisichoshonwa, hufungwa fundo begani na kuzungushwa kiunoni, kwa hiyo hakina zipu ya kuota kutu wala mshono wa kuachia. Alindi, kitambaa cha guntiino chenye mistari kilichofumwa kwa mkono pwani ya Benadir, Somalia, ni kigumu. Ilihimili hata ushindani wa vitambaa vya marekani vya viwandani katika karne ya 19. Kinachoimaliza ni mkunjo. Ikikaa begini miaka 20 imekunjwa vilevile, nyuzi hukatikia kwenye pindo la mkunjo hata kama hakuna mdudu aliyeigusa. Afadhali uivingirishe. Omba muuza vitambaa wa soko la Suuq Mugdi lile bomba la karatasi linalobaki jora likiisha, livishe marekani iliyofuliwa mara kadhaa hadi wanga utoke (wanga ni chakula cha wadudu), kisha zungusha guntiino polepole bila kuivuta.

Dirac ina mambo yake. Ikiwa ni poliesta, nondo hawana haja nayo. Ikiwa ni hariri, wanaila. Nyuzi zake za kung'aa huweza kuwa nyeusi, na huvunjika zikikunjwa.

Sasa uunsi wa kufukizia nguo. Hapa najua nitagombana na akina mama. Uunsi hupikwa kwa sukari, ubani na manukato, na moshi wake ukipanda kutoka kwenye dabqaad (chetezo) huacha utando wa kunata juu ya uzi. Harusini hilo halina neno. Lakini nguo inayofukizwa kila mwaka kabla ya kurudishwa begini hukusanya utando juu ya utando, na vumbi la Garissa, ambalo halihitaji kualikwa, hung'ang'ania hapo. Fukiza begi tupu, lipunge hewa, ndipo uweke nguo. Harufu itaingia yenyewe.

Kabla ya yote, fua. Jasho na soda iliyomwagika havionekani wiki ya harusi. Miaka ikipita huwa madoa ya kahawia yasiyotoka. Maji nayo yachaguliwe: visima vingi vya Wajir vina chumvi, na ya mto Tana huja na tope, basi suuza mara ya mwisho kwa maji safi yasiyo na chumvi. Anika kivulini. Makumbusho huonyesha nguo za kale kwenye mwanga wa luksi 50 tu, na jua la hapa, karibu na ikweta, hupita maelfu.

Imebaki mahali pa kuweka. Chini ya kitanda hapafai: Novemba 2023 Tana ilifurika hadi kuingia nyumba za watu. Juu ya kabati, chini ya mabati, joto la mchana huchosha nyuzi. Weka kwenye rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nje, na usiifunge nguo kwenye plastiki.