Manju na Samba Yake: Umati Huvutwaje?

Anayetaka kuielewa kazi ya manju wa Kisukuma aanze kwa kulisahau jukwaa. Hapa hakuna kikundi kinachopanda, kikapigiwa makofi, kikashuka kupisha kingine. Uwanja ni mmoja, ngoma ni mbili, na zote zinalia kwa wakati mmoja: Wagika huku, Wagalu kule, kila upande ukiimba kama vile mwenzake hayupo. Watazamaji hawana tiketi wala viti. Mtu anasimama huku dakika kumi, anasikia vigelegele vimepanda ng'ambo, anaondoka zake. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Kanuni hiyo moja imezaa fani nzima. Wasukuma husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili waliokuwa pia wacheza ngoma, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa kali kuliko mwenzake. Si dawa ya homa wala ya mvua. Dawa ya kuvuta watu. Wakakubaliana wacheze, halafu watu waamue. Wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu (ndio Wagika na Wagalu wa Kiswahili), na hadi leo mcheza ngoma wa Usukuma ana upande wake kama mtu wa Dar es Salaam alivyo wa Simba au wa Yanga. Dawa yenyewe inaitwa samba, na msomaji wa mjini asikimbilie Brazil.

Kuhusu samba nimesikia maelezo ya aina mbili. Wengine wanasema dawa ikikolea, mtu anajikuta ameshafika kwenye ngoma bila kujua miguu ilianza kutembea lini. Wengine, hasa waliosoma, wanasema ni imani tu, wanageuza mazungumzo. Wote wawili wameiruka kazi. Manju (kwa Kisukuma wanamwita ningi) ni mtunzi, ni mwimbaji, ni kiongozi wa kikundi, na mara nyingi ni mganga au mteja mkubwa wa mganga. Huwezi kumgawa ukasema huyu hapa mwanamuziki, yule pale mchawi wa mazingaombwe. Kwa maoni yangu, samba ni jina la kazi yote hiyo kwa pamoja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama.

Tuanze na dawa yenyewe. Nyingine manju huioga, nyingine huchanjwa, nyingine huvaliwa kama hirizi, na nyingine hufukiwa uwanjani kabla ya mashindano. Hiyo ya kufukia ndiyo inayonivutia zaidi. Mtu anayekwenda uwanjani gizani kutafuta mahali pa kufukia dawa ameshaukanyaga uwanja mzima kabla mwenzake hajaamka. Anajua wapi pana mteremko, wapi udongo ni tifutifu na utatimka vumbi, wapi kuna mti ambao kivuli chake saa tisa kitaangukia watazamaji. Anajua pia jua la alasiri litakuwa upande gani. Weka wachezaji wako magharibi, na kila anayekuja kuwatazama atakodolea jua macho, hatakaa. Karibu na Ziwa Victoria upepo wa mchana wa kiangazi hutoka ziwani kuingia nchi kavu, kwa hiyo ngoma iliyoko upande unakotoka upepo sauti yake inabebwa hadi miguuni pa mpinzani, na ya mpinzani inarudishwa nyuma. Sisemi kwamba dawa haifanyi kazi. Ninachosema ni kwamba, ikifanya kazi au isifanye, anayeifukia ameshaupima uwanja.

Halafu dawa inamfanyia kazi mwenyewe. Kila kikundi kinaamini mpinzani naye amekuja na za kwake, za kukausha koo la mwimbaji, za kutegua kiuno cha mchezaji. Kikundi chenye hofu huimba kwa sauti ya chini na hutazamana. Kikundi kinachojua kimekingwa hufungua vifua. Umati unaisikia tofauti hiyo kabla ya kuelewa neno hata moja la wimbo.

Sasa wimbo. Ngoma mbili zikilia pamoja kwa mwendo usiofanana, masikio ya aliyeko katikati hayashiki chochote, yanapata mvurugano. Manju anatunga akijua hilo. Mstari wake wa kuita unaweza kuwa mrefu, mtamu na wenye mafumbo, kwa sababu huo ni wa watu wa karibu. Kiitikio kinatakiwa kiwe kifupi kiasi kwamba mgeni aliyefika sasa hivi akidake mara ya pili, na mara ya tatu awe anaimba. Hapo ndipo hesabu inapogeuka: mtazamaji akishaitikia, amekuwa spika. Watu mia wakiitikia, kiitikio kinaruka uwanja mzima na kuwaita wengine mia. Ndiyo maana manju mzuri huwekeza sana katika nusu saa ya kwanza. Watu hufuata watu, na pengo la mapema ni gumu kuliziba.

Na anaimba nini? Yaliyopo. Bei ya pamba, mtendaji aliyekula mchango, ndoa iliyovunjika jirani, na juu ya yote manju wa upande wa pili: sura yake, ng'ombe wake waliokonda, kushindwa kwake mwaka jana. Matusi haya yana ufundi wake, maana lazima yachekeshe hata wafuasi wa anayetukanwa, vinginevyo hawatavuka kuja kuyasikiliza. Ulimi wa namna hiyo hauishii kwa wapinzani. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaweka pamoja waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi, ili kuchunguza msanii anavyokaa na dola. Mada yenyewe inatosha kuonyesha kwamba manju hajawahi kuwa mtu wa kutumbuiza tu.

Nyimbo hizo hazitungwi mezani. Nyingi huzaliwa shambani, msimu wa mvua, manju akilima kama mtu yeyote. Vikundi vya kulima pamoja, ambavyo hulipwa chakula, ng'ombe au fedha, hulima kwa wimbo, na shamba ndiyo maabara ya kwanza: wimbo usioweza kunyanyua majembe ishirini saa tano ya jua kali hautanyanyua uwanja mwezi wa saba. Frank Gunderson, Mmarekani aliyezifuatilia nyimbo za kazi za Wasukuma kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2010 kitabu chenye zaidi ya nyimbo 300 za aina hiyo. Ukikifungua utaona wazi kwamba kati ya mkulima na msanii hakuna ukuta.

Shambani ndiko lilikotoka pia tendo ambalo, kwangu mimi, ndilo bora kuliko yote: jembe la ngoma ya bugobogobo. Mstari wa wachezaji wenye majembe ya mkono, ngoma kubwa nyuma yao. Wanalizungusha jembe mkononi, wanalipitisha nyuma ya mgongo, kisha wote kwa pamoja wanalirusha juu na kulidaka. Ukitazama haraka unaona miujiza. Tazama taratibu. Jembe halizunguki katikati ya mpini. Chuma ni kizito, kwa hiyo linazunguka karibu na bapa, na mpini ndio unaochora duara kubwa angani. Mchezaji hafuatilii chuma kwa macho. Anauangalia mpini, maana ndio anaoutaka, na chuma kitakaa mahali pake. Jembe likipanda mita 1.2 juu ya mkono, litakaa angani sekunde moja tu. Basi. Kwa hiyo urefu wa kurusha unaamuliwa na mpiga ngoma: akipiga haraka, wanarusha chini, akivuta, wanarusha juu. Wote wakirusha kwenye pigo moja watadaka kwenye pigo moja, na mlio wa viganja kukamata mipini unakuwa sehemu ya muziki. Mmoja akikosea, jembe lenye makali linaanguka katikati ya miguu mitupu. Watazamaji wanajua hilo, ndiyo maana hawaondoi macho.

Kuna ya kushangaza zaidi ambayo hayana hesabu nzuri hivyo. Vinyago vya mbao vyenye mikono na miguu inayochezeshwa, vinavyoibuka ghafla juu ya vichwa vya watu. Wanyama: nungunungu, fisi, na nyoka wa Bayeye. Bayeye ni chama cha washika nyoka, chenye dawa zake, chanjo zake na mafunzo marefu, na ngoma yao ya chatu imekuwa picha ya Usukuma kwenye kalenda nyingi. Nyoka hana masikio ya nje; anachokisoma zaidi ni mtikisiko wa ardhi na wa mwili wa anayemshika, kwa hiyo wimbo mzuri unaimbwa kwa ajili yetu sisi, si kwa ajili yake. Chatu hana sumu, huua kwa kubana, na akiwa ameshiba au mwili wake umepoa anakuwa mzito. Anayemvaa shingoni anahakikisha mambo mawili, kichwa kiko wapi na mkia umeshika nini. Kwa nyoka wenye sumu, wanaochezwa pia, hesabu ni nyingine kabisa na sitaiandika hapa, asije mtu akajaribu nyumbani.

Ila thamani kubwa ya nyoka kwa manju ni wakati bado yuko ndani ya sanduku. Sanduku linaletwa, linawekwa, linakaa. Mtu anafungua kamba moja, anaenda kucheza, anarudi. Watoto wanasogea. Nyoka akishatoka, manju ametumia risasi yake, na umati ukishashiba unaanza kutazama ng'ambo.

Alasiri moja pale Kisesa nilimwona manju aliyekuwa akishindwa waziwazi. Upande wake watu walikuwa wanamomonyoka kama ukingo wa mto, watatu watatu. Nilitegemea aongeze ngoma. Akainua mkono, ngoma zake zote zikanyamaza. Kwa saa nzima masikio ya uwanja yalikuwa yamezoea midundo miwili inayogombana. Ghafla ukabaki mmoja, na vichwa vikageuka kuona nini kimetokea, hata kule kwa mpinzani. Akakaa katika kimya hicho labda nusu dakika, akijifuta jasho bila haraka. Kisha akaanza kuimba peke yake, chini chini, hivi kwamba asiyesogea asingesikia. Wakasogea. Alipofika kwenye kiitikio ngoma zilirudi kwa pamoja, na kutoka nyuma kinyago kikanyanyuka. Mzee niliyesimama naye alinigusa begani, akasema, "Umeona samba hiyo, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nimeiona, mzee. Nadhani tuliona kitu kimoja.

Maisha ya manju nje ya uwanja hayana mbwembwe hizo. Hali kwa samba peke yake. Analima mpunga, mahindi au pamba, anachunga, na msimu wa mavuno ukiisha, kuanzia Juni hivi, anakusanya kikundi. Kuna mganga wa kulipwa, wachezaji wa kulishwa, ngozi za ngoma za kubadilishwa, usafiri. Siku hizi kuna harusi na kampeni za siasa, ambazo zinalipa vizuri na zinaharibu ufundi kidogo: kwenye kampeni hakuna mpinzani anayepiga ngoma mita sitini kutoka kwako, umati umeshaletwa na lori, na manju hana wa kumvuta. Video za simu nazo zinampa watazamaji wengi kuliko uwanja wowote, lakini mtazamaji wa simu huona jembe na chatu. Mvutano wa pande mbili haumo kwenye fremu.

Ndiyo maana Bujora, karibu na Mwanza, bado ina maana. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kazi pale katika miaka ya 1950. Wakati wamisionari wengi walikataza ngoma kwa sababu ya dawa zake, yeye alijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akasimamia makumbusho, na akawaleta Wagika na Wagalu uwanjani kwenye sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mashindano hayo yanaitwa Bulabo. Kiufundi jambo hilo lilibadilisha kazi ya manju: zamani aliweza kuchagua siku na mahali pamfaapo, sasa siku na uwanja ni vilevile kwa kila mtu, na kilichobaki ni kujua kuvitumia.

Sikukuu hiyo huja kama siku sitini baada ya Pasaka, kwa kawaida mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, na Bujora iko kilometa kama ishirini kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Ukienda, usikimbilie mstari wa mbele wa upande wowote. Simama katikati, mahali unapozisikia ngoma zote mbili, na ukiona miguu yako imeanza kuelekea upande mmoja, mtazame manju wa upande huo haraka, uone amefanya nini sasa hivi.