Tazama Wanavyoagana: Kupima Filamu ya Mapenzi ya Wanachuo

Inaudhi kuona filamu ya mapenzi na vichekesho ya wanachuo wasiolingana kwa kipato ikimwagiwa sifa kwa sababu ya picha za droni juu ya mabati ya Kibera na busu la mwisho. Droni hukodiwa, na busu halihitaji ufundi. Kipimo ni kimoja: kinachowatenganisha wapenzi kiwe na gharama, na gharama hiyo ionekane. Kwa hiyo usihangaike na wanavyokutana; tazama wanavyoagana. Kijana wa Olympic, huko Kibera, na binti wa Karen, mtaa wa kitajiri wa Nairobi, wametoka darasani, mvua inanyesha, na kila Mnairobi anajua kwamba mvua ikinyesha nauli hupanda. Makanga wa matatu anataja bei mpya. Fundi wa kweli huituliza kamera hapo: mkono unazama mfukoni, unapapasa sarafu, unatoka mtupu, na kijana anasema leo anataka kutembea. Binti anaamini. Kicheko na uchungu huzaliwa pamoja, bila mtu kuhubiri habari za matabaka. Mlaghai hukimbia tukio hilo. Mara kijana huyohuyo yuko katika mkahawa ghali wa Kilimani, na bili haiji.

Mwongozaji Mwitaliano Dino Risi alikijua kipimo hiki katika Poveri ma belli (1957): marafiki wawili wa Roma, wasio na kitu, wanampenda msichana mmoja, na ufukara wao uko pale hata wanapochekesha. Togetherness Supreme (2010) ya Nathan Collett, iliyotengenezwa pamoja na vijana wa Kibera, si ya vichekesho, lakini Kamau na Otieno wanapomtamani Alice, kabila na uchaguzi vinadai malipo. Katika Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu, wapenzi ni mabinti wa wagombea wanaoshindana, na mapenzi yao yana gharama. Hata Vitimbi, kipindi cha zamani cha vichekesho cha runinga ya Kenya, Mzee Ojwang akizozana na Mama Kayai, kilijua kwamba kicheko huanzia kwenye shida halisi ya nyumba.

Watasema watu huenda sinema kuota, si kupiga hesabu. Ni kweli, lakini ndoto isiyozuiwa na chochote haimtii mtu hamu ya kujua itaishaje. Basi filamu ya dakika 90 yatosha, muziki usubiri ugomvi wa kwanza, na mwandishi ajue bajeti ya wiki ya kila mhusika kabla hajaandika neno moja la mahaba.