Anga la Sandoa Halihitaji Anwani ya Nyumba

Kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimekatika katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kitovu cha Njia ya Maziwa hupita juu sana katika anga la Sandoa, takribani digrii 71 kutoka upeo wa kusini. Mji huo uko karibu kilomita 300 kutoka Kolwezi kwa mstari ulionyooka, mbali na taa za migodi ya shaba na kobalti. Anayetaka kupiga picha anga hilo kwa simu huhitaji programu ya kumwonyesha nyota ipi iko wapi, na kamera inayoweza kukusanya mwanga hafifu. Programu hizo huomba kujua mahali alipo. Kinachofaa kuchunguzwa ni kiasi cha habari ambacho kazi yenyewe inadai.

Ramani ya nyota hufanya kazi kwa hesabu za zamani. Orodha ya nyota imo ndani ya simu. Programu huchukua tarehe, saa, latitudo na longitudo, ikapata anga lilivyo kwa wakati huo. Kisha dira na vihisi vya mwendo huonyesha simu imeelekezwa upande gani. Hakuna hatua hata moja inayolazimu habari hizo zitoke nje ya simu.

Hata mahali penyewe hapahitaji kuwa kamili. Mtu wa Sandoa akiiambia programu kwamba yuko Kolwezi, nyota zitahama kwenye kioo kwa chini ya digrii 3, yaani upana wa vidole viwili mkono ukiwa umenyooshwa. Dira ya simu huweza kukosea kiasi hicho ikiwa karibu na gari au chuma. Akiandika latitudo na longitudo kwa tarakimu moja tu baada ya nukta, kosa la mahali halifiki kilomita 10, na nyota zinahama kwa chini ya moja ya tano ya upana wa Mwezi. Tarakimu tano baada ya nukta, kwa upande mwingine, hufika hadi mita moja hivi. Hapo programu imekwisha kujua mlango wa nyumba, na nyota haijaonekana vizuri zaidi.

Anayetaka Njia ya Maziwa isimame sawasawa juu ya mnara wa kanisa fulani anahitaji kujua hasa atasimama wapi. Lakini hata hesabu hiyo huweza kufanyika ndani ya simu.

Programu ya ramani ya nyota iitwayo Sky Map ni mfano mzuri kwa sababu kila mtu anaweza kuikagua. Ilitolewa na wahandisi wa Google mwaka 2009, na mwaka 2012 msimbo wake ukawekwa wazi. Humo mtumiaji anaweza kuzima utafutaji wa mahali na kuandika latitudo na longitudo kwa mkono. Msimbo huo pia umegawanywa katika matoleo mawili: moja linatumia huduma za Google, na lingine limeandaliwa kwa F-Droid, duka la programu huria, bila huduma hizo. Ramani ya nyota inabaki ile ile.

Upande wa kamera, Google ilitoa mwaka 2019, pamoja na simu ya Pixel 4, hali ya kupiga picha za nyota. Simu hupiga hadi picha 15, kila moja ikichukua sekunde 16, kisha huzipanga na kuziunganisha kuwa moja. Hata utambuzi wa sehemu ipi ni anga na ipi ni ardhi hufanywa ndani ya simu. Wala kuzitambua nyota zilizomo pichani hakudai mahali: huduma ya Astrometry.net hulinganisha maumbo ya nyota nne nne na katalogi yake, na programu yake inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe.

Hatari iko kwingine. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimbana mtengenezaji wa Brightest Flashlight, programu ya tochi iliyokuwa ikituma mahali na namba ya utambulisho wa simu kwa mitandao ya matangazo, hata kabla mtumiaji hajakubali masharti. Tochi haikuhitaji kujua mahali. Matangazo ndiyo yaliyohitaji.

Njia ya pili ya kuvujisha mahali ni picha yenyewe. Ndani ya faili kuna maelezo ya Exif: saa, aina ya kamera, na mara nyingi latitudo na longitudo. Desemba 2012 picha iliyochapishwa na jarida la Vice ilifichua kwamba John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, yuko Guatemala. Katika mkoa wenye migodi, ambako mahali palipopigwa picha panaweza kuonyesha shimo la wachimbaji au makazi ya mtu, jambo hilo si dogo. WhatsApp huondoa maelezo hayo picha inapotumwa kama picha. Ikitumwa kama hati, yanabaki.

Android 10 ya mwaka 2019 ilianza kuzificha programu mahali palipoandikwa pichani hadi zipewe ruhusa maalumu, na Android 12 ya mwaka 2021 ikamruhusu mtumiaji kutoa eneo la kukadiria tu. Kongo nayo ilipata Kanuni yake ya Kidijitali tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima kuhusu ulinzi wa data binafsi. Programu ya nyota inayokataa kufunguka bila mahali kamili haina sababu ya kiufundi ya kudai hivyo, na mtumiaji ana haki ya kuhoji.

Mpiga picha wa Sandoa anaweza kuipima programu yake usiku wowote kati ya Juni na Agosti. Azime intaneti, ainyime ruhusa ya mahali, kisha aandike kwa mkono latitudo -9.7 na longitudo 22.9. Msalaba wa Kusini ukionekana kwenye kioo pale ulipo angani, ruhusa hiyo haikuwa ya lazima.