Maji Yapandayo Mlima: Uhakiki wa Simulizi ya Kyamwilu

1. Suala

Katika barabara ya Kituluni, kilomita chache kutoka mji wa Machakos, pana mahali paitwapo Kyamwilu. Wageni wafikapo hapo humwaga maji juu ya lami, nayo maji huonekana yakipanda badala ya kuteremka. Gari lililozimwa na kuachwa bila gea hujongea lenyewe kuelekea upande ambao macho husema kuwa ndio mwinuko. Jambo hilo limeelezwa mara nyingi katika magazeti na katika maandishi ya watalii, na kwa kawaida hufungamanishwa na kisa cha wanaume wawili, Kyalo na Mwilu, ambao majina yao yasemekana ndiyo yaliyozaa jina la mahali.

Maelezo ya namna hiyo huchanganya mambo matatu yasiyo ya jinsi moja: mteremko, jina na kisa. Kisa hutumiwa kuthibitisha jina, jina likathibitisha kisa, na maji yakaitwa kuwa shahidi wa vyote viwili. Makala haya yanashikilia kwamba kila kimoja kina kipimo chake, na kwamba kinachodhulumiwa zaidi katika mchanganyiko huo ni kisa chenyewe, kwa kuwa hakipati kuhakikiwa kama fasihi.

2. Mteremko

Wako wadaio kwamba chini ya barabara mna sumaku. Dai hilo halisimami. Sumaku haivuti chupa ya plastiki wala haiyakokoti maji, ilhali vyote hivyo hujongea hapo kama lijongeavyo gari la chuma. Maelezo thabiti ni ya macho. Jicho halipimi mwinamo peke yake, bali hulinganisha barabara na kile linachodhani kuwa sawa, hasa upeo wa macho. Vilima na miti vikiuficha upeo wa kweli, jicho hujiundia upeo mwingine kutokana na mandhari iliyopo. Hapo mteremko mdogo unaofuatia mteremko mkali huonekana kuwa mwinuko.

Mwaka 2003 watafiti watatu wa Italia, Paola Bressan, Luigi Garlaschelli na Monica Barracano, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya barabara za aina hii. Waliunda vielelezo vidogo vya barabara, wakawataka watu wachungulie kwa tundu na kusema ni upande gani ulioinuka. Udanganyifu ule ule ulizuka bila ya mlima wowote. Anayetaka kujihakikishia hana haja ya maabara. Pimamaji ya mwashi yatosha, au mpira mwembamba wenye kuonyesha ndani uliojazwa maji. Maji katika ncha zake mbili husimama usawa mmoja, na upande wa barabara ulio chini hujulikana bila ya kutegemea macho. Waswahili husema maji hufuata mkondo, na Kyamwilu haikuitangua mithali hiyo.

Ajabu hii si ya Machakos pekee. Uskochi ina barabara iitwayo Electric Brae, iliyopewa jina hilo kwa kudhaniwa kwamba umeme ndio uvutao magari. Jiwe lililosimikwa kando yake hueleza kwamba hayo ni mazingaombwe ya macho. Huko kani isiyoonekana ilipewa jina la umeme, na Machakos ikapewa majina ya watu. Tofauti hiyo yastahili kuangaliwa, kwani umeme hauna kisa, na watu wanacho.

3. Jina

Kwa mujibu wa maelezo yaliyoenea, Kyamwilu ni mwungano wa Kyalo na Mwilu: silabi ya kwanza ya jina moja imetiwa mbele ya jina la pili. Sarufi ya Kikamba haihitaji mwungano huo. Katika lugha hiyo, kya ni kiunganishi cha umilikaji cha ngeli ya kĩ-, kinacholingana na cha ya Kiswahili. Kĩĩma, yaani kilima, ni nomino ya ngeli hiyo, na karibu na mji wa Machakos pana mahali paitwapo Kiima Kimwe, yaani kilima kimoja. Kwa sarufi, basi, Kyamwilu husomeka bila taabu kuwa ‘cha Mwilu’, na nomino iliyotangulia imeachwa kwa sababu wenyeji walijua kinachotajwa.

Kuchukua kipande cha jina moja na kukibandika kwenye jingine si mtindo wa kawaida wa Kikamba wa kuunda majina ya mahali. Ni mtindo wa waundaji istilahi wa siku hizi, waliotupatia maneno kama chajio kutokana na chakula cha jioni. Yaelekea, kwa hiyo, kwamba Kyalo aliingia katika jina baada ya jina kuwapo. Sikio lilisikia kya, likaacha kuisikia kuwa kiunganishi, likatafuta mtu wa kuimiliki silabi hiyo. Aliyepatikana alifaa sana, kwani kyalo kwa Kikamba ni safari, na jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa safarini. Barabara ikapata mtu wake.

Sikio limekosea kwa njia ile ile iliyolikosesha jicho. Jicho lilipoteza upeo wa kweli, likajiundia wa bandia. Sikio lilipoteza mpaka wa mofimu, likauweka mahali pengine. Machakos penyewe ni mfano wa jambo hilo. Jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba, lilipotamkwa na Waingereza, liligeuka na kuwa Machakos, na umbo hilo ndilo lililoandikwa katika ramani.

4. Kisa

Kisa cha Kyalo na Mwilu hakibatiliki kwa sababu mteremko na jina vimeelezwa. Ngano ya usuli haitungwi ili kushindana na pimamaji. Undani wake hubadilika kwa wasimulizi, lakini kiini hakibadiliki: wanaume wawili, mwanamke mmoja, na mvutano usiopata mshindi. Fanani aliyetazama kitu kikivutwa na asimwone mvutaji alichagua taswira ya uhusiano wa watu, nayo ni taswira yenye nguvu kwa sababu msikilizaji huielewa kabla ya kuelezwa.

Hata hivyo, kisa kina kasoro, nayo yapasa kutajwa. Wanaume wana majina, na majina hayo yamepewa ardhi. Mwanamke, ambaye bila yeye hapana kisa, huachwa bila jina katika maelezo yaliyoenea. Yeye ni kama upeo uliofichwa wa mandhari ile: kila kitu hupimwa kwake, naye haonekani.

Kasoro hiyo huwa nzito zaidi tukikumbuka maana ya maji Ukambani. Katika nchi kavu ya Machakos maji yamekuwa yakipanda vilima kweli, lakini juu ya migongo ya wanawake watokao mtoni. Tena, vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wa watendaji wake walikuwa wanawake, vilichimba matuta kwenye miteremko ili kuyazuia maji yasiteremke na udongo. Mchimbaji hutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na matuta hayo huitwa fanya juu. Maneno hayo mawili ya Kiswahili sasa hutumika katika maandishi ya wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani, bila kutafsiriwa. Hiki ndicho kitu kilichopandishwa mlimani Machakos pasipo udanganyifu wa macho, na maandishi ya watalii hayakiweki miongoni mwa maajabu.

5. Hitimisho

Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi wa lugha na fasihi. John Mbiti alipochapisha Akamba Stories mwaka 1966, alionyesha kwamba ngano za Wakamba zastahili kukusanywa kwa makini. Simulizi za mahali zadai uangalifu huo huo. Kisa cha Kyamwilu kirekodiwe kwa Kikamba, kutoka kwa wasimulizi wengi, wanaume na wanawake. Jina nalo lirekodiwe kwa sauti, kwani Kikamba kina irabu saba na toni, na magazeti huchapa kwa herufi tano tu za irabu. Wasimulizi wanawake waulizwe hasa juu ya mwanamke wa kisa: kama ana jina, alitaka nini, na nani aliyemchotea maji. Majibu yao hayatabadili mwinamo wa barabara. Yatatuwezesha kujua kama kisa tulicho nacho ni cha watu wa Kituluni, au ni kile tu kilichobaki baada ya kusimuliwa kwa wapita njia.