Lulu Tisa Begani

Reale ya Maria Theresa hudanganya umri wake bila haya. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, kisha ikaendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile hadi zama zetu: Vienna na Venice, Roma na London, Brussels na Bombay. Anayeisoma tarehe tu hajaisoma sarafu. Ndiyo maana sikubali wanaposema kwamba kukusanya sarafu kubwa za fedha za Ulaya ni mchezo wa wenye pesa. Ni ufundi, na fundi wake huhitaji macho kuliko mfuko.

Fundi ninayemjua anaishi Konoin, kaunti ya Bomet. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani mabichi. Mkulima akiteremsha kikapu, yeye huingiza mkono hadi chini na kuibuka na konzi ya majani. Akikuta majani mawili na chipukizi, anapima, na akikuta yaliyokomaa, anarudisha. Sarafu nazo huzikagua kwa mkono uleule usiopendelea mtu.

Nilimwona akiikagua reale aliyoletewa kutoka Moyale, iliyotobolewa tundu juu ya kichwa cha malkia kwa sababu mwenyewe aliivaa shingoni. Hakuanza na sura. Aliishika kwa ukingo, baina ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha polepole dirishani. Reale halali ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na mapambo kati yake. Yaliwekwa hapo ili anayepunguza fedha kwa tupa aonekane. Za bandia nyingi hunaswa papo hapo, kwani ukingo wake ni mtupu au una mikwaruzo ya mashine. Kisha mizani ya sonara. Reale nzima ina gramu 28 na ushei, na sehemu tano katika sita ni fedha safi. Hii ilipungua kidogo, akaniambia, "Tundu nalo lina uzito wake, kijana wangu." Mwisho kabisa ndipo alipochukua kioo cha kukuzia na kumtazama malkia mwenyewe: shela ya ujane aliyoivaa tangu mumewe alipofariki mwaka 1765, herufi S.F. chini ya bega, na bizimu yenye lulu. Akazihesabu lulu kwa sauti. Tisa. Akageuza na kuchunguza manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili. Lulu na manyoya hayo ndiyo yanayotenganisha kiwanda na kiwanda, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walikuwa wakizihesabu lulu hizo kabla ya kupokea malipo, bila kujua Kilatini hata neno moja.

Kahawa ya Yemen ilinunuliwa kwa sarafu hii, na Ethiopia iliitumia hadi miaka ya 1940. Unguja iliipokea pamoja na ile ya Kihispania yenye nguzo mbili, ambayo watu wa pwani waliziona nguzo zake kuwa mizinga, wakaiita reale ya mzinga. Mwaka 1861, Unguja na Muscat zilipotenganishwa kwa uamuzi wa Lord Canning, Unguja ilitakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Sultani Barghash alijaribu kutoa reale yake mwenyewe mwaka 1882, ikapigwa Brussels kwa herufi za Kiarabu. Ni sarafu nzuri mno, lakini soko lilikuwa limekwisha kuzoea malkia na rupia ya India.

Huku kwenye vilima vya chai reale haikufika kama pesa. Misafara ya pwani iliyokwenda bara ilibeba shanga, nguo na waya. Fedha ya kuhesabika ilipanda na reli, iliyofika ziwani mwaka 1901, nayo ilikuwa rupia. Kodi ya nyumba ililipwa kwa rupia, na mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalipoanza katika miaka ya 1920, shilingi ya simba ndiyo kwanza imechukua nafasi yake. Shilingi hiyo ina fedha robo tu. Mzee anazo kadhaa kwenye bahasha za karatasi, na huzitunza kama anavyozitunza kubwa.

Utunzaji wenyewe ndio unaowashinda wengi. Kericho na Bomet mvua hainyimi, na unyevu huingia kila droo. Anaweka bahasha ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana. Hafungi chochote kwa mpira, kwa kuwa mpira una salfa na salfa huigeuza fedha kuwa nyeusi. Wala hasugui. Ukimpelekea sarafu iliyong'arishwa kwa jivu na ndimu atakuuliza ulikuwa na ugomvi gani nayo. Namuunga mkono: weusi ule laini kwenye mikunjo ya shela hauna fundi wa kuurudisha.

Tunapokosana ni kwa reale za London. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilijipatia kutoka Vienna haki ya kuzipiga, na mwaka uliofuata London ikaanza kupiga zake ili biashara ya Bahari ya Shamu isikwame. Mzee anaziita ghushi za serikali. Mimi nasema sarafu iliyopokelewa sokoni kwa uzito wake ni halali, na kama ni uongo, basi Vienna ndiyo iliyoanza. Tarehe ina uzito kisheria pia: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Nikamuuliza reale ya London, yenye tarehe ya 1780, afisa wa forodha ataiweka fungu gani. Akasema afisa huyo aje Konoin kwanza, afundishwe kuhesabu lulu.