Shaka ya Kapteni

Wahenga walisema, kitanda hakizai haramu. Maana yake ni kwamba mtoto azaliwaye katika ndoa ni wa mume, wala jirani asipeleleze sura yake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya yafuata njia hiyo: mtoto aliyezaliwa wakati wa ndoa, au katika siku 280 baada ya ndoa kuvunjika na mama hajaolewa tena, huhesabiwa kuwa wa mume yule, ila ithibitike kwamba wawili hao hawakukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa. Lakini mume aliyeingiwa na shaka afanyeje? Swali hilo ndilo roho ya mchezo uitwao Baba, ulioandikwa na August Strindberg wa Uswidi mwaka 1887.

Kapteni na mkewe Laura wanashindana juu ya malezi ya binti yao, Bertha. Mwanzoni analetwa askari, Nöjd, anayeshutumiwa kumpa mimba mtumishi wa jikoni. Askari ajitetea kwamba huenda mimba ni ya mwingine, na Kapteni akiri kuwa neno hilo halina uthibitisho. Laura ayaokota maneno hayo, akayaelekeza kwa mumewe: ikiwa baba hajulikani kwa yakini, yeye ana haki gani juu ya Bertha? Tazama, msomaji, jinsi hoja iliyomsaidia askari inavyomrudia mkuu wake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hapa mtunzi astahili sifa. Laura hathibitishi kitu chochote. Shaka peke yake yatosha. Kapteni arusha taa inayowaka, na mwisho avishwa vazi la kufungia wendawazimu na mlezi wake wa utotoni. Ni nani asiyemhurumia?

Hata hivyo mchezo una kasoro, nayo si ndogo. Mtunzi amlilia baba hata amsahau mtoto. Kapteni amwelekezea Bertha bastola, na kilichomwokoa binti ni kwamba risasi zimekwisha kuondolewa. Lakini kilio chake hakipewi uzito kama cha baba. Na yule mtoto wa mtumishi wa jikoni, ni nani atakayemlisha? Akiisha kuzaa hoja, mchezo wampita upesi.

Leo kipimo cha vinasaba kingeikata shaka ya Kapteni. Mwanamume anayedaiwa matunzo ya mtoto asiye damu yake haombi jambo la aibu akiomba kupimwa. Si haki mtu kubebeshwa mzigo wa mwingine kwa hila. Lakini kipimo husema damu ni ya nani; hakisemi ni nani aliyeitwa baba usiku mtoto alipougua. Ndiyo sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, yaagiza maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo limhusulo. Hakimu hana budi kupima kilio cha mume na cha mtoto pia.

Basi usome mchezo huu, msomaji, upate kujua jinsi shaka inavyomla mtu. Lakini usiufanye hukumu, kwa maana shahidi mmoja hakuulizwa: Bertha.